Kuisubiri Treni ya Mizigo Morogoro

Mwaka jana, mwezi wa saba, nilirudi nyumbani Morogoro na kamera ya kuazima, nikakaa siku nne kwenye nyasi kavu kando ya reli ya zamani, upande wa Kingolwira, nikisubiri treni ya mizigo. Treni ya abiria ina ratiba. Hata ikichelewa, unajua imechelewa kutoka saa ngapi. Ya mizigo haina. Ukiuliza, kila mtu ana jibu lake. Mama anayeuza maandazi pale kivukoni aliniambia imeshapita usiku. Kijana wa bodaboda akasema hapana, hiyo ya usiku ni ya juzi, ya leo bado. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi juu ya tuta akanitazama, akaitazama kamera, akaniuliza: "Sasa wewe bwana, ukishaipata utaipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu, nikacheka tu. Lakini swali lake nimerudi nalo, na ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Mwezi wa saba niliuchagua kwa makusudi. Reli inapita kaskazini mwa mji, na Milima ya Uluguru iko kusini, kwa hiyo anayetaka treni mbele na mlima nyuma lazima asimame kaskazini ya reli, atazame kusini. Desemba na Januari jua limehamia kusini: linakupiga usoni, treni inakuwa giza, mlima unakuwa kivuli kimoja kikubwa. Juni na Julai jua liko kaskazini, mgongoni kwako. Linamulika ubavu wa mabehewa na mikunjo ya mlima mpaka unaona mashamba ya watu kule juu, yale yanayoning'inia mahali ambapo unajiuliza mtu analimaje bila kuteleza. Ila Uluguru ina tabia zake. Asubuhi Lupanga imejifunika ukungu, mchana mawingu yanarudi. Katikati hapo una saa mbili tatu, na dereva wa treni hana habari na saa zako.

Nikiri mapema kwamba mimi si mpiga picha, na si mtaalamu wa injini. Kuna watu duniani wanaojua namba za vichwa vya treni kama sisi tunavyojua wachezaji wa Simba na Yanga. Mimi nilikuwa na sababu nyingine. Baba alikuwa mtu wa gengi.

Kwa wasiojua, gengi ni kile kikundi cha wafanyakazi wanaopewa kipande cha njia wakitunze: kukaza nati, kubadilisha mataruma yaliyochoka, kushindilia kokoto, kufyeka, kutembea na kuangalia. Kutembea sana. Nimekulia kwenye nyumba za gengi, mita hamsini hivi kutoka relini, vikombe vya chai vikitetemeka kabatini kila treni ilipopita. Na baba ana picha moja tu ya enzi za kazi. Ni ya studio pale mjini. Amevaa bugaluu, amenyoosha mabega, nyuma yake kuna pazia lililochorwa ndege. Ndege, jamani! Mtu wa reli, ambaye hakupanda ndege mpaka anaingia kaburini. Nilipokuwa mdogo nilidhani aliwahi kuwa rubani, na yeye hakufanya haraka kunirekebisha.

Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kuzinduliwa rasmi hadi Dodoma Agosti mosi mwaka huo, kila mtu alipiga nayo picha. Mimi pia nilipiga. Kilomita 160 kwa saa, dirisha safi, kiyoyozi, mtu utaachaje? Lakini nikiwa ndani yake nilikuwa natafuta kwa macho ile njia nyembamba ya upana wa mita moja, na kila nilipoiona nilijiambia kwamba hii hakuna anayeipiga picha.

Hapo nilikuwa nimekosea. Picha za reli ya zamani zipo, tena nyingi, tatizo ni zilipo na nani alizipiga. Mjerumani Walther Dobbertin alizunguka na kamera yake nchini humu tangu miaka ya mwanzo ya 1900 mpaka wakati wa vita, na picha zake zimehifadhiwa katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Chuo Kikuu cha Frankfurt kinatunza mkusanyiko mwingine, wa ile iliyokuwa jumuiya ya kikoloni ya Wajerumani, picha zaidi ya 50,000 kutoka makoloni yao yote, na nyingi zinaonekana mtandaoni. Nimekesha nikizipitia. Tuta jipya, udongo bado mbichi. Daraja lenye watu juu yake. Injini ya mvuke, Mzungu wa kofia nyeupe, na wanaume ishirini waliovaa kaniki wamebeba chuma begani. Katika nilizoziona, maelezo chini ya picha yanataja daraja, yanataja kituo, mara nyingine yanamtaja ofisa. Waliobeba chuma ni "wafanyakazi", au "wenyeji". Basi.

Nazitaja hizo picha kwa sababu ndizo zilizonifanya nianze kuangalia mizigo badala ya injini. Ukitaka kuijua Morogoro, uliza kila zama ni nini kilikuwa kinabebwa, na nani alikuwa anakibeba.

Kabla ya reli walibeba watu. Karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita chini ya mlima huu, na hapa palikuwa na mji wenye ngome, Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo. Stanley aliupitia mwaka 1871 akielekea bara kumtafuta Livingstone. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, pembe ikienda pwani, kitambaa na shanga vikienda bara. Kisha mwaka 1905 Wajerumani wakaanza kutandika reli kutoka Dar es Salaam. Ni mwaka uleule ambao Majimaji ililipuka kule kusini na kusambaa hadi maeneo ya Kilosa na Kisaki. Jembe la mjenzi wa reli na bunduki ya askari wa Kijerumani vilikuwa kazini wakati mmoja, katika nchi moja, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule huliweka katika sura mbili tofauti. Kampuni ya Philipp Holzmann ilijenga, fedha zikitoka kwa mabenki yaliyoongozwa na Deutsche Bank. Desemba 1907 reli ikafika Morogoro. Mwanzoni mwa 1914 ikafika Kigoma, zaidi ya kilomita 1,250 kutoka baharini, miezi michache tu kabla ya vita. Mataruma mengi waliyatandika ya chuma, kwa maana mchwa wa nchi hii hawakuwa na heshima kwa mbao za Ulaya.

Abdulrazak Gurnah amekigusa kipindi hiki katika Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Mtoto Yusuf anaishi katika mji uliowahi kuchangamka wakati Wajerumani wanajenga reli, na ni kwenye jukwaa la stesheni anakowaona Wazungu kwa mara ya kwanza. Mji wa Gurnah ni wa kubuni, lakini aliyekulia kando ya reli anautambua: ule mji ambao treni iliupa maisha kisha ikaupita.

Morogoro haikupitwa. Iligeuzwa kituo cha kushusha na kupakia. Kutoka milimani ukatoka ulanga, ile mika inayometameta, ukaenda Ulaya. Halafu ikaja katani, na katani ndiyo iliyoshika usukani kwa miaka mingi. Mmea wenyewe ulikuwa mgeni kuliko reli: Richard Hindorf aliuleta kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika salama ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye hiyo 62 yakaota mashamba ya Tanga yote na ya kwetu huku, Tungi, Kimamba, Kilosa, mengine yakiwa na vireli vyake vidogo vya kubeba majani hadi kiwandani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha dunia ikagundua kamba za nailoni. Baba alikuwa anasema, wakati wake mtu angeweza kujua hali ya uchumi bila redio: unahesabu mabehewa ya katani. Yakipungua, jiandae. Shamba la Mazimbu lilikufa kabisa, serikali ikawapa ANC ya Afrika Kusini, nao wakajenga pale shule yao ya wakimbizi, Solomon Mahlangu, kuanzia mwaka 1978. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mara nyingi nawaza jinsi ardhi ileile ilivyotoa kamba, kisha ikatoa wahitimu.

Nao Waluguru wenyewe, wenye mlima? Mizigo yao haikupanda treni sana. Ilishuka kichwani, na bado inashuka kichwani, ndizi, maharage, kabichi, mpaka barabarani ilipo gari. Katika miaka ya 1950 Waingereza walitaka walime kwa matuta ya ngazi ili udongo usisombwe kwenda mtoni. Kazi ikawa ya lazima, watu wakachoka nayo, mwaka 1955 kukatokea vurugu Matombo na mtu akauawa, na mpango wote ukaachwa. Ndiyo maana picha yangu ya mlima inaonyesha mashamba yaliyolala kama yalivyotaka yenyewe. Watu wanaoniambia mlima ule "haujaguswa" huwa nawaangalia tu.

Vita ya kwanza inastahili aya yake. Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro na kukuta Wajerumani wameshaondoka kupitia milimani, wakiwa wamevunja madaraja ya reli nyuma yao. Waingereza hawakuwa na muda wa kusubiri daraja kubwa la injini. Wakachukua malori, wakayafunga magurudumu ya reli, wakayapitisha juu ya njia iliyotengenezwa kwa haraka kwa magogo na chochote kilichopatikana. Kwa hiyo ukiniuliza treni ya mizigo ya kwanza ya Mwingereza kwenye reli yetu ilikuwaje, nitakwambia ilikuwa lori.

Reli haikubeba vitu tu. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma, mgomo ulipanda reli kwenda bara kama abiria mwingine yeyote. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, chama chao kikiongozwa na Kasanga Tumbo, waligoma siku 82. Siku 82! Baba alikuwa hajaajiriwa bado, lakini hadithi za mgomo ule alizirithi kwa wazee wa gengi, na alizisimulia kana kwamba alikuwepo. Wakati ule reli ilikuwa chini ya shirika la Afrika Mashariki nzima, lenye injini za mvuke zilizopewa majina ya makabila. Makabila ya watu kwenye injini, na majina ya watu wenyewe hayapo kwenye picha.

Siku ya tatu ikapita.

Nilianza kuisikia kabla sijaiona, na kabla ya kuisikia niliona mbuzi wanashuka tuta bila kuambiwa. Kichwa kimoja cha dizeli, nyuma yake matenki ya mafuta, kisha makontena, kisha mabehewa yaliyofunikwa ambayo nadhani yalikuwa na saruji. Ilikuwa inaelekea bara, polepole kiasi kwamba ungeweza kutembea nayo na mkasalimiana. Lupanga ilikuwa wazi kabisa. Nikapiga, nikapiga, mpaka behewa la mwisho likapotea na vumbi likanikalia mdomoni. Picha 112. Nikarudi nyumbani kama mvuvi aliyejaza mtumbwi.

Jioni nikamwonyesha mama kwenye kompyuta. Mama ana miaka zaidi ya sabini na macho mazuri kuliko yangu. Akaangalia ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akasema ni nzuri sana, mwanangu, mlima umetoka vizuri. Halafu akauliza:

"Mbona hakuna mtu?"

Nikamwambia, mama, ni picha za treni. Akasema anaona kuwa ni treni. "Lakini inaendeshwa na nani? Na njia kaitengeneza nani, mashetani?"

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimewalaumu Wajerumani kwa kupiga watu bila majina, na mimi, mtoto wa gengi, nilikuwa nimepiga picha 112 bila hata watu. Nilikuwa nimesimama mahali pazuri, jua mgongoni, nikasubiri watu waondoke kwenye fremu. Kweli, mara mbili nilimwomba mchunga mbuzi asogee.

Asubuhi nilitembea kufuata njia mpaka nikawakuta. Wanaume saba, vizibao vya rangi ya chungwa, wanashindilia kokoto mahali ambapo maji ya masika yalikuwa yamelegeza tuta. Watu wengi hudhani reli ni chuma. Mtu wa gengi anajua kwamba reli ni kokoto na maji, na kwamba maji hayachoki. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulipofurika Kilosa, ulibeba njia, na treni zikasimama kwa miezi. Baba alikuwa ameshastaafu. Alikaa na redio sikioni siku nzima, akiuliza maswali ambayo mtangazaji hakuwa na habari nayo: tuta limeliwa upande gani, kalvati lilikuwa na upana gani, nani alikuwa zamu.

Nikawasalimia. Mnyapara, mtu mzima kidogo kuliko mimi, akapokea shikamoo yangu na kwanza akaniuliza kibali. Huo ndio utaratibu, na una sababu zake. Ulaya watu husimama mwisho wa jukwaa na daftari na chupa ya chai, wakapiga picha treni siku nzima. Kwetu ukionekana na kamera karibu na daraja unaulizwa wewe ni nani, na mtu anayejua yaliyotokea 1916 hawezi kulishangaa swali hilo. Nilikuwa nimeomba ruhusa kabla, karatasi nilikuwa nayo. Akaisoma yote, mbele na nyuma, akapiga simu, akazungumza kando, akarudi. "Sawa. Ila sio daraja. Na usimame ninapokuambia." Halafu akauliza nimetokea wapi. Nikamtajia kambi, nikamtajia baba.

Akanyamaza kidogo. Hakuwahi kufanya naye kazi, lakini aliyemfundisha yeye kazi alifundishwa na baba. "Alikuwa anagonga reli kwa nyundo anasikiliza," akasema. "Mpaka leo kuna watu wanafanya hivyo kwa sababu yake." Jambo hilo nilikuwa silijui. Nilijua baba anarudi na vumbi, nilijua anapenda chai ya tangawizi, nilijua ile ndege ya studio. Kwamba alikuwa na sikio, hakuna aliyewahi kuniambia.

Tukakaa. Wakafanya kazi, mimi nikapiga picha, safari hii nikiwa karibu, nikiona mikono na viatu. Kwenye saa tano hivi mnyapara akainua mkono kabla mimi sijasikia chochote. Wote wakatoka njiani, wakasimama upande mmoja, zana mkononi, kama watu wanaompisha mkubwa mlangoni. Treni ikaja kutoka bara safari hii, mabehewa mengi matupu, yanapiga kelele kuliko yaliyojaa. Mwanga ulikuwa mbaya. Lupanga ilikuwa imeshafunikwa. Nilikuwa nimesimama upande usiofaa kabisa, jua limenikaa ubavuni, na treni ilitoka imefifia kama mstari wa kahawia nyuma ya watu saba ambao wametoka wazi, kila mmoja na uso wake.

Niliandika majina yao yote kwenye daftari, na mnyapara alinisahihisha tahajia ya mawili. Hapa siyaweki, ni yao. Yako nyuma ya picha, kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe na alama ya kilomita. Nakala saba nilizisafisha katika duka moja karibu na Msamvu na kuzipeleka kabla sijaondoka. Mchunga mbuzi naye nilimpiga yake, baada ya kumwomba radhi. Aliishika kwa ncha za vidole, akasema, "Kumbe mimi ndiye ulikuwa unanisogeza."

Nakala ya nane ipo kwa mama, ukutani, kando ya baba na ndege yake. Nilipompa aliivuta karibu na dirisha akaiangalia muda mrefu, mpaka nikaanza kujiandaa kusikia jambo zito. Akaweka kidole juu ya kijana wa tatu kutoka kushoto.

"Huyu ameshika mtaimbo vibaya," akasema. "Baba yako angemgombeza."